Toleo la Kaka

Kaka aliiandika programu ile mwaka 2014, usiku usiku, mezani pa kulia chakula, ili Mama aache kuandika hisa za kikundi chao kwenye daftari. Sasa Kaka hayupo. Kompyuta yake nayo ilikwaruza siku mbili, ikanyamaza. Nikahamishia faili zake kwenye mashine yangu, nikaziita. Zikagoma kabla hata hazijaanza, kosa likinyooshea kidole neno "print".

Kosa si lake, jamani. Lugha yenyewe, Python, aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, ilibadilika mno mwaka 2008 lilipotoka toleo la 3. Hili linataka "print" ivae mabano. La zamani lilikuelewa hata bila mabano. Mabano si kitu, ningeyaweka kwa dakika tano. Lakini kugawanya nako kulibadilika: zamani 7 kwa 2 ni 3, sasa ni 3.5. Hapo nikasita. Kuna hela za akina mama thelathini mle ndani, na gawio la kila mmoja limepigwa kwa hesabu ya kale. Nikichokonoa, nani atajua shilingi imepotelea wapi?

Basi nikashusha msimbo chanzo wa 2.7.18, toleo la mwisho la ukoo ule, la Aprili 2020. Ni maandishi matupu ya lugha ya C, mengi ajabu. Ukitaka kula, upike mwenyewe. Kwanza "configure", inayokagua jikoni kuna nini. Kisha "make". Mistari ikamiminika kwenye skrini, feni ikalia, nami nikimwomba Mungu umeme usikatike.

Ilipoisha nikaijaribu papo hapo. Wapi! Moduli ya sqlite3 haipo, na hesabu zote za Kaka zimo kwenye faili la SQLite. Na ilikuwa imeniambia, mwishoni kabisa mwa mistari ile, kwamba imekosa vipande vya kujengea moduli kadhaa. Nani husoma mistari ile? Kumbe kuwa na SQLite mashineni hakutoshi. Anayejenga anahitaji na faili za vichwa vyake, zilizomo katika kifurushi cha libsqlite3-dev. Nikakiweka, nikaanza upya toka "configure". Nilimalizia na "make altinstall", siyo "make install", mzee huyu asije akajitwalia jina la Python iliyokuwamo.

Saa nane usiku ikafunguka. Ikaandika: "Shikamoo Mama. Leo nani kaleta?"

Miaka yote ile sikuwahi kuiona, maana kompyuta ya Kaka ilikuwa haiguswi.

Nikamwamsha Mama. Akaja na khanga yake, akatafuta miwani, akasogeza kiti.

"Marahaba," akaiitikia skrini, kama mtu aliyezoea. Kisha akaniambia nipishe, anaandika mwenyewe.