Kutoka Nyakasimbi Hata Unguja

Sisi wa Nyakasimbi twakaa mbali na bahari. Tumezungukwa na migomba na mibuni, na mtoto wa chuo changu akisikia habari za jahazi hulifananisha na mtumbwi wa mto Kagera. Mwaka 2014 nilijaaliwa kwenda Unguja kumzuru ndugu yangu, na sina budi kukiri kwamba nilikwenda na lawama kidogo moyoni.

Wakati ule Bunge Maalumu la Katiba lilikuwa likikutana Dodoma. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imependekeza serikali tatu, na barazani Mji Mkongwe hapakuwa na mazungumzo mengine. Baada ya alasiri nikakaribishwa kahawa, nayo, kwa kweli, haikuishinda ya kwetu.

Mzee mmoja akaniuliza, "Maalim, huko kwenu mwasemaje?"

Nikajibu, "Mzee wangu, ninyi mna Rais, mna Baraza la Wawakilishi, na tangu 2005 mna bendera, tena mwakaa nasi katika Bunge la Muungano. Karagwe nayo ilikuwa dola. Speke alipofika mwaka 1861 alimkuta Rumanyika akitawala. Utemi ukafutwa 1963, na leo Nyakasimbi tuna diwani tu, wala hatulalamiki."

Akatabasamu. "Karagwe haikutia saini mkataba na mtu, Maalim. Tarehe 26 Aprili 1964 ziliungana nchi mbili. Mambo ya Muungano yalikuwa 11. Sarafu ikaongezwa 1965, mafuta 1968, mpaka yakafika 22. Akaunti ya Fedha ya Pamoja imeandikwa katika Katiba, ibara ya 133, walakini hata leo haijafunguliwa. Bendera haijazi mfuko."

Kijana aliyeketi kando akakumbusha kwamba Mzee Aboud Jumbe alitaka serikali tatu, akalazimika kujiuzulu Januari 1984. Na kwamba Zanzibar iliingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Desemba 1992, ikatoka 1993, kwa kuwa mambo ya nje si yake.

Sikukubali yote. Wengine walisema kana kwamba Bara yaishi kwa jasho lao, hali Wapemba wana maduka mpaka kwetu Kagera, wala hakuna awazuiaye. Nikawaambia hivyo, wakacheka, tukaagana kwa wema.

Siku ya kurudi nikanunua cherehani Darajani kwa ajili ya binti yangu. Niliposhuka Bara, mtu wa ushuru akanitaka nilipe. Nikamwambia, bwana, nimetoka nchi hii hii. Akanionyesha karatasi. Sasa sisi wa Karagwe ushuru twaujua: cherehani ikitoka Mwanza hakuna aiulizaye, ikivuka mto kutoka Uganda, pale Murongo, ndipo hulipiwa. Yangu imetoka Unguja, ikahesabiwa kama ya ng'ambo ya mto! Nikalipa, na njia nzima hata Kayanga nikawa namkumbuka yule mzee.

Oktoba ile Bunge Maalumu likapitisha katiba ya serikali mbili, na kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 haikupigwa. Lakini sheria ya 2015 iliwaachia Wazanzibari kusimamia mafuta na gesi yao, nao wakatunga sheria yao mwaka 2016.

Binti yangu ashona kanzu za wanafunzi kwa cherehani ile. Stakabadhi ya ushuru ningali nayo sandukuni.