Alama mbili za binti wa Nyarugusu

Novemba 2024, wapigakura wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani hawakuchagua rais peke yake. Karatasi ya kura ilikuwa na maswali matano ya jimbo, na swali la pili liliwauliza iwapo waondoe sharti la mwanafunzi kufaulu mtihani wa jimbo, ule unaoitwa kwa kifupi MCAS, ndipo apewe cheti cha kuhitimu sekondari. Takriban watu 59 katika kila 100 wakasema liondoke. Sharti hilo lilikuwa limeanza kuwabana wahitimu wa mwaka 2003. Likafa baada ya miaka ishirini na ushei.

Habari hiyo niliisoma ofisini kwangu, mbele yangu pamelala rundo la karatasi za wanafunzi zikingoja kalamu nyekundu. Siku chache baadaye simu ikaleta ujumbe kutoka namba ya Marekani: "Mwalimu, shikamoo. Umesikia ya mtihani? Naomba tena ile barua."

Neno lile "tena" lilinikosesha usingizi, na sababu yake ndiyo makala hii.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika jimbo lile, nikiishi kwenye mji wa viwanda vya zamani ulio nje ya Boston. Mji ule ulikuwa umepokea familia nyingi za wakimbizi, zikiwamo za Wakongo waliotoka Kivu ya Kusini na kupitia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Jioni mbili kwa wiki, katika chumba cha chini cha kanisa moja, niliwasaidia watoto wao kufanya kazi za shule. Sikulipwa, na sitaki nionekane mwema: upweke wa baridi ulikuwa mkali, na pale palikuwa mahali pekee nilipoweza kusema Kiswahili kwa saa mbili mfululizo na kula ugali wa watu.

Binti ninayemzungumzia alikuwa na Kiswahili cha Fizi kilichochanganyika na cha Kasulu. Alikuwa amekulia kwenye ardhi ya Tanzania, lakini shule yake ya kambini ilifuata mitaala ya Kongo, na lugha ya darasani ilikuwa Kifaransa. Akahamishiwa Marekani akiwa na umri wa miaka kumi na sita, akaingizwa darasa la kumi, akakuta mtihani wa Kiingereza unamngoja. Kwa hiyo, kabla hajafika utu uzima, mtoto huyu alikuwa amepimwa kwa vipimo vya nchi mbili, na kipimo cha nchi iliyomlea hakikumhusu kabisa. Sijui wasomaji wangu watumishi wa serikali huwa wanalifikiria hilo wanapopita barabara ya Kasulu.

Niwe mkweli kuhusu mtihani ule, kwa sababu katika nchi yetu ni rahisi kusikia Wamarekani wameufuta tukadhani ulikuwa upuuzi. Haukuwa. Massachusetts ndiko Bodi ya Elimu ya jimbo ilikoanzishwa mwaka 1837, na katibu wake wa kwanza, Horace Mann, ndiye aliyeipigia debe shule ya umma inayosomesha mtoto wa tajiri na wa maskini pamoja. Lakini karne moja na nusu baadaye kila mji ulikuwa ukitoza kodi yake na kuendesha shule zake, na mji maskini ulimpa mtoto elimu ya kimaskini. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya jimbo, katika shauri la McDuffy, iliamua kwamba kuelimisha watoto wote ni wajibu wa kikatiba wa jimbo zima. Siku chache baadaye ikasainiwa sheria ya mageuzi ya elimu. Mapatano yake yalieleweka na kila mtu: jimbo litapeleka fedha nyingi zaidi kwenye miji maskini, na kwa upande wa pili bodi itaandika viwango vya mitaala na kuvipima. Mtihani ulianza kutolewa mwaka 1998.

Ukiacha mtihani huo, sheria ya jimbo haikudai mengine makubwa kwa mhitimu zaidi ya historia ya Marekani pamoja na uraia, na elimu ya viungo. Masomo mengine yote yalikuwa hiari ya wilaya za shule, nazo ni zaidi ya 300. Ndiyo maana waliotetea mtihani, akiwamo Gavana Maura Healey, walisema kwamba ukiuondoa, hakuna tena uzi mmoja unaofunga mzigo. Hoja hiyo siidharau. Mimi mwenyewe ni mtoto wa mtihani. Mwaka niliomaliza darasa la saba, shule yetu mkoani Tabora ilipeleka wanafunzi wawili tu sekondari ya serikali, nami nikawa mmoja. Baba yangu hakuwa na mtu wa kumpigia simu. Nilijengwa na imani kwamba karatasi ya mtihani ndiyo hakimu asiyeuliza wewe ni mtoto wa nani, na imani hiyo nilisafiri nayo hadi Marekani kama watu wanavyosafiri na Biblia au Kurani.

Binti alifaulu hisabati katika jaribio la pili. Biolojia alipita. Kiingereza kikamgomea. Alikifanya mwaka 2011 na wenzake, akakirudia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kufaulu kulianzia alama 220, na alama zilikwenda kwa mbilimbili. Jaribio la Novemba 2012, akiwa darasa la mwisho, lilimpa 218.

Bodi ilikuwa imeacha mlango mdogo wa rufaa. Mwanafunzi aliyejaribu angalau mara tatu, akafikia angalau 216, akahudhuria masomo ya ziada, na mahudhurio yake shuleni yakawa asilimia 95, angeweza kuombewa na mkuu wa shule za wilaya yake apimwe kwa kazi zake za darasani. Mwaka wa shule ni siku 180. Ukipiga hesabu, anaruhusiwa kukosa siku tisa. Yeye alikuwa amekosa kumi na nne.

Siku hizo nilizijua. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa figo na hakujua Kiingereza, na binti ndiye aliyekuwa mdomo wake hospitalini. Mara mbili tatu niliwaendesha mwenyewe kwa gari langu bovu. Nilikaa kwenye benchi nikamsikiliza mtoto wa miaka kumi na minane akimgeuzia daktari maneno ya mama, na ya daktari akimgeuzia mama kwa Kiswahili, akiyalainisha njiani yale makali. Mtihani wa lugha niliowahi kuushuhudia ni ule.

Mshauri wa wanafunzi shuleni kwake alimwambia kwamba pengine siku zile zingesamehewa endapo mtu mzima anayezijua angeandika barua kueleza. Akaja kwangu. Ilikuwa mwishoni mwa Februari 2013, na ni lazima niseme ni wiki gani ile.

Ilikuwa wiki ambayo matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalikuwa yametangazwa hapa nyumbani. Msomaji aliyekuwa na akili zake wakati ule hahitaji kukumbushwa: takriban watahiniwa 60 katika kila 100 walipata daraja sifuri. Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa mmojawao. Nilimlipia ada kutoka kwenye posho yangu ya uanafunzi, nikijinyima. Nilimpigia simu nikamfokea kuliko nilivyopata kumfokea mtu yeyote. Nilimwambia mtihani haumwonei mtu. Nikakata simu, nikavaa koti, nikaenda kanisani, na binti akaniomba barua.

Nikamwambia maneno yaleyale. Mtihani haumwonei mtu. Rudia mwezi Machi. Alama mbili si kitu kwa anayesoma. Nikaongeza, kwa ile sauti ya msomi anayejisikia, kwamba nikikuandikia barua leo, kesho maisha yatakudai na barua haitakuwapo.

Hakubisha. Watoto waliolelewa kambini hawabishani na mtu mwenye kalamu. Alisema, "Sawa, mwalimu," akafungua daftari lake.

Mwezi Machi alirudia akapata 216. Zilipungua. Mama alikuwa amelazwa wiki ile, nami nilijua.

Mwezi Mei dada yangu akapiga simu anacheka na kulia kwa pamoja. Tume iliyoundwa na Waziri Mkuu Mizengo Pinda ilikuwa imetoa taarifa, serikali ikaamua matokeo yale yafutwe na yapangwe upya, kwa kuwa utaratibu wa kupanga alama uliotumika safari ile haukuwa ule wa miaka iliyotangulia. Mpwa wangu akatoka sifuri akaingia daraja la nne. Majibu yake hayakubadilika hata nukta. Karatasi ni ileile, mwandiko uleule, makosa yaleyale. Kilichosogea ni mstari, na waliousogeza ni watu waliokaa kwenye meza kama mimi ninavyokaa.

Nilishukuru Mungu, nikatuma fedha ya sherehe ndogo. Mstari ulipomsogelea wa nyumbani kwangu niliuita haki. Na katika furaha ile yote, miezi ikapita kabla sijamkumbuka binti, ambaye kwake nilikuwa nimeuita mstari uleule wa watu kuwa ni maumbile, kama mto au mlima. Mwezi Juni wenzake walivaa majoho. Yeye alipewa cheti cha kuhudhuria. Nilialikwa, sikwenda, nilijiambia nina sura ya tasnifu ya kukamilisha.

Leo ni mimi ninayechora mistari. Nimekaa kwenye kamati za mitaala, nimepiga kura kuhusu alama ya kufaulu, na naweza kuwaambia wanafunzi wangu bila kuvunja siri ya mtu kwamba mjadala wa alama 40 au 45 huweza kuamuliwa na njaa ya saa saba mchana. Hiyo si sababu ya kufuta mitihani, na wanaharakati wanaonitumia ujumbe wakishangilia kura ya Massachusetts nadhani wanaisoma vibaya. Sheria mpya inasema mwanafunzi atahitimu kwa kukamilisha kwa mafanikio masomo yanayolingana na viwango vya jimbo, na wilaya yake ndiyo itakayothibitisha. Mtihani wenyewe bado unafanywa, ila haumfungii mtu mlango wa cheti. Swali la zamani likarudi palepale: wilaya tajiri na wilaya maskini zitathibitisha kitu kimoja? Januari 2025 Gavana Healey aliunda baraza la kutafuta masharti mapya ya kuhitimu kwa jimbo zima. Ameshindwa kwenye kura, akaanza kuijenga nyumba upya kwa upande mwingine. Nadhani alifanya sawasawa.

Ila kuna jambo ambalo pande zote mbili zimelisema kwa sauti ndogo. Wengi wa wale wachache waliokosa cheti kwa sababu ya mtihani ule peke yake walikuwa wanafunzi wenye ulemavu na wale wanaojifunza Kiingereza. Na jimbo hilohilo, mwaka 2002, katika kura ambayo nayo iliitwa swali la pili, lilikuwa limeamua kuwa watoto wageni wafundishwe kwa Kiingereza na si kwa lugha zao. Uamuzi huo ulikuja kulegezwa kwa sheria mwaka 2017. Wahitimu wa kwanza waliobanwa na mtihani walibanwa, basi, mwaka uliofuata kura hiyo ya kuzifungia lugha za wageni nje ya darasa. Binti wangu alipita katikati ya milango hiyo miwili.

Tusiwacheke. Mtoto wetu husoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha akaambiwa afikiri kwa Kiingereza siku anayovaa sare ya kidato cha kwanza, na sera yetu ya elimu, hata katika toleo la mwaka 2023, imeiacha sekondari kwenye Kiingereza. Miaka minne baadaye tunampima biolojia, tukipata alama tunasema hajui biolojia. Ninaposahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza hukutana na sentensi zilizokwama katikati kama gari matopeni, na mara nyingi nauona wazo lilipokuwa linakwenda. Je, nitoe alama ya wazo au ya sentensi? Kila mwaka najibu tofauti, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza mstari wangu wa mwaka huu uko wapi.

Binti sasa ana watoto wawili. Anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku, na anataka kusomea uuguzi. Mama yake alifariki mwaka 2016. Taarifa niliipata nikiwa nimesharudi nyumbani. Ameiandikia wilaya yake ya zamani kuomba kumbukumbu zake zifunguliwe chini ya sheria mpya, na amejibiwa alete kila alichonacho. Ana ripoti zake za shule, ana karatasi za alama za majaribio yote, zile za 218 na 216 zikiwamo. Zile siku kumi na nne bado zinasomeka kwenye faili kama utoro.

Nilisukuma pembeni rundo la karatasi nikawasha kompyuta. Nimeandika majina ya hospitali na miezi niliyoikumbuka, aina ya gari nililokuwa nalo, na kwamba nilikaa kwenye benchi nikasikia kwa masikio yangu. Nimeandika pia kwamba barua hii iliombwa Februari 2013 na kuchelewa ni kosa la mwandishi. Ukurasa mmoja. Dakika ishirini na tano, pamoja na kutafuta anwani.