Baiskeli ya Masika

Kusini mwa Tanzania, kwetu, mvua ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, ikaendelea hadi Aprili, na kwa bahati njema huja wakati korosho zimeshaanza kuuzwa. Kwa hiyo mwenye baiskeli Nachingwea na Ruangwa alikuwa na majuma machache ya kuwa na fedha mkononi na njia kavu kwa wakati mmoja. Majuma hayo ndiyo tuliyoyatumia kuandaa baiskeli ya masika. Mimi kazi hiyo nilifundishwa na mjomba, maana kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye dhamana ya kumfunza.

Haraka ile ilikuwa na sababu. Reli ya mradi wa karanga, ambayo Waingereza waliifikisha Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, iling'olewa mapema miaka ya 1960. Na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari ya kutoka Dar es Salaam yalivuka Rufiji kwa kivuko, na masika yakikolea barabara ya kusini ilikuwa haipitiki. Tairi la inchi 28 usilolinunua mapema ulilisubiri mpaka mvua zikatike. Mjomba alinunua matairi, tyubu, solushen na mnyororo kabla ya nguo ya mtu yeyote nyumbani, na hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa baiskeli ile ndiyo iliyobeba mgonjwa kwenda zahanati na mahindi kwenda mashineni.

Baiskeli yenyewe ilikuwa Phoenix ya Mchina, nzito, yenye keria pana na breki za fimbo. Maandalizi yalianza kwa kuipunguza. Madigadi ya mbele ilitolewa kabisa, kwa sababu udongo mwekundu wa Nachingwea ukilowa hujikusanya kati ya tairi na bati mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Ya nyuma nayo ilitolewa, pakaning'inizwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu chini ya keria, juu kabisa, ili mgongo usirushiwe tope. Kifuniko cha mnyororo kilifuata. "Mpwa wangu," alikuwa akisema, "udongo haukai pasipo na pa kukaa."

Kisha fundi wetu wa chini ya mwembe aliishughulikia friwili. Friwili ndiyo inayokuruhusu utulize miguu huku baiskeli ikiserereka. Ndani yake mna vijino vidogo vyenye springi, na tope likiingia humo vijino hunata. Unakanyaga pedali na gurudumu halisogei. Fundi alichukua friwili kubwa, ya meno 22, ili kukanyaga kuwe kwepesi kwenye matope, akaichomelea isiteleze tena. Akaongeza tone la kuchomelea kwenye haba ya gurudumu, kwa kuwa ukiirudisha miguu kwa nguvu friwili hutaka kufunguka kwenye resi zake. Tangu hapo gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na miguu ikawa breki. Hilo lilikuwa jambo kubwa: rimu za chuma zikilowa, raba za breki huteleza tu juu yake, na mwenye gunia kwenye keria anayeteremka kwenda mtoni hana kingine cha kumzuia.

Baiskeli ya namna hiyo inataka nidhamu. Mnyororo usilegee, kwani ukiruka huweza kulikaba gurudumu la nyuma ghafla. Mjomba alilivuta gurudumu nyuma, akaubonyeza mnyororo katikati kwa kidole. Ukicheza zaidi ya upana wa kidole, nati zilifunguliwa upya. Grisi mpya iliingia kwenye gololi zote, upepo wa matairi ukapunguzwa kidogo yashike udongo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998, ambazo nchi nzima inazikumbuka, zilitukuta tumejiandaa hivyo, na njia ya Ruangwa tuliipita wakati malori yamelala porini.

Baadaye nilisoma kwamba waendesha baiskeli wa Uingereza, hata washindani wa mbio, walikuwa na desturi ya kupitisha majira ya baridi kwa baiskeli isiyo na friwili, kwa hoja zilezile za fundi wetu: vyuma vichache vya kuharibika, na miguu inayoihisi barabara inayoteleza. Nilifurahi sana. Maarifa ya chini ya mwembe yalikuwa maarifa kamili.

Miaka ya 2000 zikaja baiskeli za mtumba zenye gia. Vijana walizipenda, na kiangazi zilistahili kupendwa. Masika tope liliziba gia, na mafundi wakajikuta wakikata mnyororo, wakibakiza duara moja la meno nyuma na moja mbele. Kisha bodaboda zikaingia, na mafundi wengi wakahamia kwenye injini. Sasa lami imetoka Nanganga kuja Ruangwa, na mpwa wangu anaendesha kwa kasi ambayo mjomba hakuiota.

Yeye sikumchomelea friwili. Kwenye lami, mteremko ukiwa mrefu na basi likiwa nyuma, pedali zisizotulia zinaweza kumtupa, na miguu peke yake haitoshi kusimamisha. Nilimtafutia rimu za alumini, ambazo raba huzishika hata zikilowa, breki imara ya mbele, na taa ya nyuma ya kuonekana kwenye mvua. Madigadi nimeziacha mahali pake, maana lami hurusha maji tu. Ila baiskeli ya shambani, inayopita njia ambazo lami haijafika, tunaiandaa kama zamani.

Kila Novemba namtaka aende kwanza kuitazama njia yake, ndipo aje tuchague vyuma. Mjomba alinirithisha swali la kuuliza kabla ya kushika spana: njia hii, mvua ikinyesha, itafanya nini? Majibu yamebadilika na yataendelea kubadilika. Kijana wa Nachingwea au Ruangwa anayejua kuuliza hivyo atafika, na mzigo wake utafika.