Kwa baiskeli hadi Murangi: mtoto ale kabla hajasema ana njaa

Ukitoka Musoma mjini kwenda Murangi unapita Mugango na Suguti, kati ya vilima vya mawe na mashamba ya mihogo, Ziwa Victoria likijitokeza na kujificha. Kwa gari si mbali. Kwa baiskeli, ukiwa na kijana wa miaka 14 anayekwenda kumsalimia bibi yake, ni kazi ya nusu siku, na huanzia jikoni.

Mwanangu alikataa uji siku hiyo. Alitaka kuondoka tu. Saa ya kwanza aliniacha nyuma, akimpigia kengele kila aliyempita. Baadaye akanyamaza, kisha usukani ukaanza kuyumba. Tukasimama chini ya mwembe. Alikula ndizi mbivu mbili na kiazi kitamu, akanywa maji taratibu. Baada ya kama robo saa alianza tena kuongea.

Wazazi, hapo hakuna muujiza. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli. Mwendo wa nguvu unaweza kuimaliza kwa saa moja na nusu hadi mbili, na asiyekula asubuhi huishiwa mapema. Mikono hutetemeka, hasira huja, akili hupungua, na wakati huo mtoto yuko barabara moja na malori.

Kwa hiyo anywe uji wa ulezi saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Njiani ale kidogo kila nusu saa: ndizi mbivu, viazi au mihogo ya kuchemsha. Karanga ziwe chache kwa kuwa hukaa tumboni. Ugali na sangara visubiri mpaka mfike. Maji yawe mafunda machache kila dakika 15, yaliyochemshwa nyumbani. Ya ziwani msinywe, yana hatari ya homa ya matumbo. Na kuoga humo kunaweza kuleta kichocho.

Mwendo aupange mtoto, akiwa mbele yako. Akishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, punguzeni. Ondokeni saa 12 asubuhi. Mchana jua huwa kali na upepo wa ziwani huvuma.

Mkoa wa Mara unajua safari ndefu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Hakufika kwa siku moja. Aligawa njia kwa siku kadhaa.

Nanyi mnaweza kuigawa. Mtoto akitetemeka, akitapika au akijibu ovyo hata baada ya kula na kupumzika kivulini, safari ya baiskeli imeishia hapo. Simamisheni gari, baiskeli ipakiwe, mtoto apelekwe zahanati iliyo karibu. Bibi atasubiri.