Mbita: Jani Lishindanalo na Kiduha

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Mbita, nchini Kenya, ana njia mbili. Aweza kuzunguka kwa barabara kupitia Homa Bay, au aweza kwenda mpaka Luanda Kotieno na kuvuka ghuba kwa kivuko. Achaguaye maji huviona vilima vya Gembe vikimkaribia polepole, na karibu yake kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa mwaka 1969. Mbita ni mji mdogo wa wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Lakini, ndugu msomaji, si samaki waliolifanya jina lake lijulikane kwa wakulima wa nchi nyingi. Ni majani.

Kando ya ziwa hapo kuna kituo cha utafiti cha icipe, shirika la kimataifa la uchunguzi wa wadudu lililoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Thomas Risley Odhiambo. Kituo cha Mbita leo kina jina lake. Humo ndimo lilimotafutwa jibu la swali ambalo jembe lilishindwa kulijibu.

Swali lenyewe ni gugu. Waluo huliita kayongo. Kwetu Tanzania ni kiduha. Ua lake ni la rangi ya waridi, tena zuri, hata mgeni aweza kulichuma akampelekea mwenyeji wake. Mwenyeji hatafurahi. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu 50,000 au zaidi, ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni kwa zaidi ya miaka 10 zikingoja. Mzizi wa mahindi au mtama unapopita karibu, hutoa kemikali ambazo mbegu ya kiduha huzihisi. Mbegu huamka, hujishikiza kwenye mzizi huo, na kunyonya maji na chakula chake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo ndipo taabu ya mama wa shamba inapoonekana, maana mara nyingi apaliliaye ni yeye. Huamka alfajiri, akainama mpaka jua la mchana, akaling'oa kila gugu alionalo. Hata hivyo kiduha kinapochomoza juu ya ardhi, kimekwisha kunyonya chini kwa majuma kadhaa. Mahindi yamedumaa tayari. Dawa ya kunyunyizia gugu lililokwisha kuchomoza nayo huchelewa vivyo hivyo, tena bei yake si ya mkulima mdogo.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Mbita, wakiongozwa na Zeyaur Khan na kushirikiana na John Pickett wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wakitafuta mimea ya kuwafukuza viwavi watoboao mabua ya mahindi. Mmoja wa mimea waliyoijaribu ni desmodiamu, jani litambaalo la jamii ya kunde, lenye asili ya Amerika. Walilipanda kati ya mistari ya mahindi. Viwavi walipungua, kama walivyotarajia. Jambo wasilolitarajia ni kwamba kiduha nacho kilipungua.

Uchunguzi ulionyesha sababu. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zenye kazi mbili. Baadhi huiamsha mbegu ya kiduha. Nyingine huzuia mzizi wake mchanga usijishikize kwenye mahindi. Mbegu huamka, hukosa pa kunyonya, hufa. Hivyo akiba ya mbegu zilizozikwa udongoni hupungua msimu hadi msimu. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Njia hii imepewa jina la vuta-sukuma. Desmodiamu, kwa harufu yake, huwasukuma nje nondo wazaao viwavi; mabingobingo yaliyopandwa kuzunguka shamba huwavuta, na viwavi wengi hufia humo. Tena desmodiamu huongeza naitrojeni katika udongo, huufunika usikauke, na hukatwa kuwa malisho ya ng'ombe na mbuzi.

Isidhaniwe kwamba ni kazi nyepesi. Mbegu za desmodiamu si rahisi kupatikana kila mahali, na bei yake huwazuia wengi. Msimu wa kwanza hudai palizi ya makini, kwa kuwa jani lenyewe lingali changa na hufanana na magugu mengine machoni pa asiyelizoea. Asiye na mifugo hupata faida pungufu. Na anayelima shamba la kukodi husita kupanda mmea wa kudumu miaka mingi katika ardhi ambayo mwakani yaweza kuwa ya mwingine.

Kiduha hakijui mpaka wa nchi. Kinaonekana pia katika mashamba ya mkoa wa Mara na kwingineko Kanda ya Ziwa, nayo njia ya vuta-sukuma imevuka mpaka kukifuata. Kwa hiyo habari hii yatuhusu hata sisi tuishio mjini, ambao kila msimu hutuma fedha kijijini za vibarua wa palizi. Yafaa kabla ya kutuma tuulize: je, kuna maua ya waridi kati ya mahindi? Kama yapo, yang'olewe na kuchomwa moto kabla ya kutoa mbegu. Mbegu ya kupanda isichukuliwe katika shamba hilo. Samadi iongezwe, kwa sababu kiduha hustawi zaidi penye udongo uliochoka. Msimu mmoja uachiwe kunde au pamba, ambazo kiduha hakiwezi kuzinyonya. Hayo hayangoji mbegu za desmodiamu. Nazo zikipatikana, mzee aonyeshwe mstari mmoja kwanza. Akiona mahindi yake yamenyooka, mstari wa pili ataupanda mwenyewe.