Majira Yanapogeuka

Sisi tuliozaliwa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, tulikuwa tukidhani kwamba mwaka una sehemu mbili tu, masika na kiangazi. Mvua ikinyesha twalima. Mvua ikikatika twavuna na kutengeneza nyumba. Lakini mwaka 2016 mmoja wetu alipata nafasi ya kusoma Nanjing, mji mkubwa wa China ulio kando ya mto Yangtze, tukahamia huko sote watatu, mume, mke na binti yetu mdogo. Tulikaa miaka mitatu. Huko tuliona ya kuwa Wachina wameukata mwaka vipande 24.

Kila kipande kina siku kumi na tano hivi, tena kina jina lake. Mwanzo wa mwezi wa Machi huitwa Kuamka kwa Wadudu. Mwisho wa Julai ni Joto Kubwa. Tarehe 7 au 8 Septemba huanza Umande Mweupe, na karibu na tarehe 20 Januari huingia Baridi Kubwa. Watu wa kale walipanga hesabu hiyo kwa kuangalia mwendo wa jua, wakulima wapate kujua siku za kupanda na za kuvuna. Mwaka ule ule wa 2016 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Walakini si wakulima peke yao waifuatao. Waganga huifuata katika dawa zao, na akina mama huifuata jikoni.

Mwalimu wetu katika mambo hayo alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke mzee mwenye mvi, ambaye watoto wote wa jengo lile walimwita Nainai, maana yake Bibi. Nasi tulimwita hivyo. Siku ya kwanza ya jua katika mwezi wa Machi tulivua makoti kwa furaha kama wafungwa waliofunguliwa. Nainai akatusimamisha mlangoni, akamrudishia binti yetu shali shingoni, akatuambia kwa maneno machache na ishara nyingi kwamba majira ya kuchipuka hayaaminiki. Wachina wana mithali juu ya jambo hilo: majani yachipukapo usifanye haraka kuvua, na majani yapukutikapo usifanye haraka kuvaa. Mwili, wasema, hauwezi kurukaruka kama hali ya hewa. Yafaa kuuongoza polepole, kama mtu anayemshika mkono mzee ngazini. Juma lile lile theluji ilianguka. Tangu siku ile tulimsikiliza.

Mafundisho hayo si ya Nainai peke yake. Msingi wake ni kitabu kiitwacho Huangdi Neijing, ambacho kilikusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita. Humo waganga wa kale walifundisha kwamba ulimwenguni mna nguvu mbili, yin na yang. Ya kwanza ni ya kivuli, baridi na utulivu. Ya pili ni ya jua, joto na mwendo. Mtu mzima wa afya ni yule ambaye nguvu hizo hazishindani ndani yake. Majira yanapogeuka, moja huongezeka na nyingine hupungua, na mtu asipogeuka pamoja nayo hupata ugonjwa. Kwa hiyo kitabu chawaagiza watu hata saa za kulala: katika majira ya joto wachelewe kulala na kuamka mapema, majani yapukutikapo walale mapema na kuamka pamoja na jogoo, wakati wa baridi walale mapema na kungoja jua litoke ndipo waondoke kitandani. (Agizo hilo la mwisho tulilipenda sana, ila chuo kilifungua milango yake saa mbili kamili.)

Kila majira pia yana kiungo chake: ini kwa wakati wa kuchipuka, moyo kwa joto, wengu kwa mwisho wa joto lenye unyevu, mapafu kwa wakati wa ukavu, figo kwa baridi. Hayo hatukuyameza yote. Waganga wa hospitali za leo, hata wa huko China, hawapimi ini kwa kalenda. Lakini vyakula tuliviona vyatufaa.

Joto la Nanjing ni la sifa mbaya. Wachina huuita mji ule tanuru. Tulitamani maji ya barafu. Nainai alitikisa kichwa, akatupa choroko, zile zile tuzijuazo kwetu. Yeye huzichemsha katika maji mengi mpaka maji yawe ya kijani, huongeza sukari kidogo, kisha huacha zipoe, na watu hunywa mchuzi wake. Kufika Oktoba hewa huwa kavu, midomo hupasuka, na watoto hukohoa usiku. Basi hupika mapea pamoja na sukari ya mawe mpaka yalainike. Wakati wa baridi ni shida zaidi, kwa maana Nanjing iko kusini ya mpaka ambao serikali ya zamani iliuweka: upande wa kaskazini nyumba za mijini hupashwa moto kwa mabomba, upande wa kusini sivyo. Ndani ya nyumba tulivaa makoti. Kila jioni, kabla ya kulala, tulitia miguu katika beseni la maji ya moto, sote watatu tukikaa kwa mstari, tukanywa tangawizi iliyochemshwa pamoja na matunda mekundu yafananayo na tende. Hatujapata kulala usingizi mtamu kama ule.

Sasa tuseme habari ya kosa letu.

Mwaka 2018, katika likizo ya Julai na Agosti, tulirudi Uvira kuwaona wazazi. Tulilala wiki tano katika nyumba iliyo karibu na bonde la Ruzizi, na usiku mwingine binti yetu, aliyekuwa na miaka sita, alilala na binamu zake nje ya chandarua. Tulirudi Nanjing mwisho wa Agosti. Ulipoingia Umande Mweupe, mtoto alishikwa na homa, akatetemeka, akatapika. Nainai akasema ni majira, joto linaondoka, mwili haujazoea, akaleta tangawizi. Nasi tukakubali. Yeye alikuwa na sababu ya kukosea, kwa maana mwaka uliotangulia, wa 2017, ulikuwa wa kwanza ambao China haikuona hata mgonjwa mmoja aliyeambukizwa malaria ndani ya nchi. Na tarehe 30 Juni 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba nchi ile imeondokana nayo. Lakini sisi ni watu wa Uvira! Homa ile tumeijua tangu utoto. Tulikuwa tumejifunza desturi za wenyeji vizuri mno hata tukasahau tulikotoka. Siku tatu tulimnywesha tangawizi. Homa ilishuka asubuhi, tukafurahi. Ikapanda usiku, tukamfunika.

Siku ya nne hakuweza kusimama, wala hakujibu vema alipoitwa. Ndipo mama yake akasema neno lile moja, na tulipofika hospitali hatukungoja kuulizwa: tulisema tumetoka Kongo. Walitazama damu yake katika hadubini, wakaviona vijidudu. Wakamchoma sindano za artesunate, na baadaye wakampa vidonge. Usiku ule wa kwanza hatuwezi kuueleza.

Tulipokuwa tukikesha hapo, daktari mmoja kijana alitusimulia asili ya dawa ile. Katika karne ya 4 kulikuwa na mganga jina lake Ge Hong, mwenyeji wa Jurong, si mbali na Nanjing. Aliandika kwamba mwenye homa za vipindi achukue konzi moja ya mmea uitwao qinghao, auloweke katika maji, aukamue, anywe. Mwaka 1971 mwanamke mtaalamu, Tu Youyou, aliyekwisha kujaribu dawa nyingi za kale bila kufaulu, alisoma tena maneno hayo, akatambua kwamba mganga yule hakuchemsha majani. Labda moto ndio ulioiharibu dawa. Akaitoa kwa etha, pasipo joto kali, ikafaa. Akaijaribu kwanza mwilini mwake mwenyewe. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Basi, dawa iliyomponya binti yetu ilitoka katika vitabu vya uganga wa Kichina, lakini kwa kupimwa na kupimwa tena, na kwa kipimo kamili. Twalisema kwa sababu kwetu wengi hupanda artemisia uani na kunywa majani yake kama chai. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kuwa tiba ya malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa kilichomo hakijulikani.

Siku ya tano ya hospitali Nainai alikuja kwa basi, amekumbatia chungu kilichofungwa kwa taulo. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Alitamka maneno mengi ambayo hatukuyafahamu yote, ila tuliona anajilaumu, na sisi tulikuwa tumepanga kumwomba radhi, kwa maana kosa halikuwa lake. Daktari akaja, akafunua chungu, akanusa. Mapea yaliyopikwa kwa sukari ya mawe.

“Homa imekwisha,” akasema. “Sasa anywe.”

Binti yetu akamaliza vikombe viwili.