Gari Hili Linabeba Nini?

Nilikuwa na akiba ya shilingi 460,000 kwa ajili ya kitabu. Nasema kitabu, lakini ukweli ni mswada wa kurasa 212 nilioupiga chapa usiku katika duka la steshenari la jirani, mwenye duka akishafunga hesabu zake. Tangu nimalize kidato cha nne mwaka 2015 nimekuwa nikijiambia kwamba mimi ni mwandishi wa riwaya. Ninyi wenzangu mnaosoma kurasa hizi mnaijua kazi hiyo. Mchana unauza vocha, usiku unaandika, na kila mtu nyumbani anakuuliza utaanza kazi lini. Mchapaji mmoja alikubali kuanza kunichapia nikimpa nusu ya malipo. Basi hiyo ndiyo ilikuwa nusu yake.

Leo pesa zile ziko chini ya Datsun. Ngoja niwasimulie zilivyofika huko.

Pikapu yetu ni Datsun 1200 ya miaka ya sabini. Ni gari dogo, injini yake haifiki lita moja na robo, na ilitengenezwa kubeba nusu tani. Baba aliinunua kwa mtu mwaka 1987, akaitumia kubeba nazi kutoka Mkuranga hadi masoko ya Temeke. Nazi zile ndizo zilizotusomesha. Baba alikuwa mshabiki wa Safari Rally, na mpaka leo ukimgusa tu atakutajia Shekhar Mehta, yule Mkenya aliyeshinda mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z, kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na magari ya kampuni hiyo hiyo. "Datsun haifi," husema. "Inachoka tu."

Kaka yangu naye alikuwa na Datsun yake kichwani, lakini si ya Safari. Mwaka 2004 alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, akakaa Durban miaka mitano. Kule kuna pikapu inayoitwa Nissan 1400, ndugu wa damu wa Datsun yetu, iliyoendelea kutengenezwa huko hadi mwaka 2008. Vijana wa kule wanaishusha mpaka tumbo linakaribia lami, wanaitia rangi inayong'aa na rimu pana, kisha wanapita nayo mtaani polepole kama bwana harusi. Kaka aliporudi alikuwa na begi moja, picha nyingi za pikapu zile, na wazo.

Mwaka 2010, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilimshikia taa usiku kucha akiishusha Datsun ya baba. Mbele alitoa zile springi za mviringo akazikata kwa mashine ya kukatia chuma, mzunguko mmoja na nusu kila upande. Nyuma alifanya kazi nyingine. Kwenye Datsun hii springi za pleti zimepita chini ya ekseli. Ukichomeka kipande cha chuma katikati ya springi na ekseli, bodi inashuka kwa unene ule ule wa kipande. Kaka alichomeka vipande vya inchi tatu, akafunga na yuboliti ndefu. Zile raba zinazozuia ekseli isigonge chasisi zilimsumbua, akazing'oa. Kulipokucha tulikuwa na gari jipya. Watoto wa mtaa walilizunguka wakipiga kelele, wakalipa jina: Kobe.

Baba alitoka na kikombe chake cha chai, akalitazama. Nilijua kutakuwa na ugomvi. Alisema tu, "Sasa nazi zitakaa wapi?" Akarudi ndani.

Kaka aliondoka tena mwaka 2012. Simu yake ya mwisho ilikuwa Novemba 2013. Kuanzia hapo hakuna barua, hakuna salamu, hakuna mtu aliyemwona. Wengine wanasema alipanda meli. Wengine hawasemi kitu, wanatikisa kichwa tu, na hao ndio nawachukia zaidi. Baba aliacha biashara ya nazi, ila Kobe hakuuza. Wanunuzi walikuja, akawaambia gari si lake, lina mwenyewe.

Sasa ndiyo tufike kwenye mkasa wenyewe. Mwaka 2023 baba aliteleza bafuni akaumia mgongo. Hospitali ikampangia mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Daladala hawezi, maana kusimama ni adhabu na kubanwa ni adhabu kubwa zaidi. Bajaji tulijaribu, kila safari ikawa inatupunguzia unga nyumbani. Tukabaki na Kobe.

Siku ya kwanza niliendesha kwa mwendo wa maiti. Kutoka kwetu hadi Barabara ya Kilwa kuna vumbi, mashimo na matuta matano. Kwenye tuta la kwanza nikasikia "ko!", chuma kwa chuma, na baba akashika mlango kwa mikono miwili. Kwenye la pili hakutoa sauti, lakini nilipogeuka niliona jasho linamtoka na macho ameyafumba. Alikuwa anakwenda kutibiwa mgongo, na gari likawa linamvunja mgongo huo huo njiani. Jioni nikamwambia, "Baba, tuliinue gari." Akanijibu, "Liache kama alivyoliacha mwenyewe."

Msomaji, hapo nilikwama. Nami pia sikutaka kuliinua. Katika riwaya yangu, sura ya mwisho, kaka anarudi. Anashuka kwenye basi usiku, anapita kona ya msikiti, anaona Kobe amelala pale pale chini ya mwarobaini, chini vile vile alivyomwacha, na hapo ndipo anajua kuwa tulimngoja. Niliipenda sura hiyo kuliko zote. Nikiliinua gari, hata sura yangu inaanguka.

Wiki ya tatu nilikwenda Gerezani, kwa fundi mmoja mtu mzima anayeshughulika na springi tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Nani aliyekukatia hizi?"

"Kaka."

Hakucheka. Alisimama kwenye kona ya bampa, akalikandamiza gari mara mbili kwa uzito wake wote. Halikucheza. Akalala chini na tochi, akaniita nilale naye. Akaingiza vidole kati ya ekseli na chasisi. Vidole viwili havikupita.

"Unaona? Watu wanadhani springi kazi yake ni kubeba," akasema. "Kubeba hata gogo linabeba. Springi inatakiwa ipate mahali pa kwenda. Gurudumu likikutana na tuta lazima lipande. Hapa likipanda nusu inchi tu limeshagonga. Wewe huna springi, una nyundo."

Akanionyesha na mbele. Springi iliyokatwa ni fupi na ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa, na ukilipandisha gari kwenye jeki inalegea kwenye kikombe chake, inaweza hata kutoka mahali pake. Shokapu, ambayo kwenye Datsun hii imo ndani ya mguu wa mbele, katikati ya springi, ilikuwa inafanya kazi imekaa chini kabisa miaka yote hiyo, inagonga kitako, mpaka ikafa. Mafuta yalishamwagika zamani.

Nikamwuliza kama anaweza kuifanya ibaki chini vile vile lakini isigonge. Nilikuwa nimeona picha za Marekani, pikapu za zamani zimeshushwa mpaka chini, na juu ya ekseli wamekata chasisi nusu duara wakaiimarisha kwa pleti nene, ili ekseli ipate nafasi ya kupanda. Nilimweleza kwa fahari kidogo, kama mtu aliyesoma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Inawezekana. Wenye vifaa wanafanya, na wanafanya vizuri. Lakini chasisi hii ina kutu ya miaka hamsini, na mimi siukati uti wa mgongo wa gari kwa ajili ya sura." Kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau. "Gari hili linabeba nini?"

Nikafungua mdomo niseme nazi. Nikakumbuka hakuna nazi tena. "Linabeba mzee wangu," nikasema. "Mgonjwa wa mgongo."

"Basi ungeanza na hilo, mwanangu."

Tulifanya kazi siku mbili. Pleti za springi za nyuma zilitolewa zote, zikasuguliwa kutu, ya juu ikapigwa baridi kwenye chuma mpaka upinde wake ukarudi. Moja hakuirudisha. Alisema zile pleti zilipangwa kwa nusu tani, na mzee mmoja na kijana mmoja hawafiki hata theluthi yake, kwa hiyo gari linarukaruka kwa kukosa mzigo. Ukipunguza pleti springi inalainika, na yenyewe inashuka kidogo. Vipande vya kaka vya inchi tatu vikatoka, vikaingia vya inchi moja. Mbele tulipata springi fupi kidogo, lakini nzima, iliyotoka kiwandani ikiwa fupi. Shokapu nne mpya, ndefu kiasi kwamba gari likisimama ziko katikati ya safari yake, zina nafasi ya kupanda na kushuka. Raba za kuzuia ekseli zikarudi. Bushi zote mpya.

Kitu kimoja kilinishangaza. Bushi zilipoingia nikachukua spana nikaze. Akanipiga kikofi cha mkono. "Hukazi gari likiwa juu ya jeki! Ukikaza hapo, likishuka raba inajinyonga, baada ya miezi imekatika. Lishushe kwanza chini, libebe uzito wake, ndiyo ukaze." Na baada ya siku chache nirudi, yuboliti zikazwe tena, maana chuma kipya hukaa mahali pake taratibu.

Nililipa shilingi 450,000. Shokapu zilikula zaidi ya nusu. Nikabaki na 10,000, nikaweka mafuta. Mchapaji nilimpigia simu nikamwambia asubiri. Akasema hana neno, waandishi wote wanamwambia hivyo.

Kobe alikuwa amepanda karibu inchi mbili. Bado ni mfupi kuliko Datsun iliyotoka kiwandani, lakini si yule wa kaka. Nilipopita kijiweni wale vijana waliniambia, "Duh, umeua gari, mwanangu!" Nilicheka nao, ila liliniingia.

Baba hakusema kitu asubuhi ile. Alizunguka gari mara moja na fimbo yake, akapanda. Tuta la kwanza nikapunguza mwendo kwa mazoea. Gari likapanda, likashuka, likatulia. La pili vile vile. Baba aliachia mlango, akaweka mikono juu ya magoti. Tulifika lami hajafumba macho hata mara moja. Pale kwenye taa, magari yamesimama, ndipo akasema.

"Umeliinua."

"Kidogo, baba. Inchi mbili."

Akanyamaza. Taa zikabadilika, nikaondoa gari.

"Kaka yako akirudi atalijua?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu ninayeandika ile sura ya mwisho. Kumbe na mzee alikuwa nayo, kwa namna yake, bila karatasi. Nilitaka kumjibu kitu kizuri, cha kimwandishi. Hakikuja.

"Atalijua, baba. Na kama hatalijua, atatujua sisi."

Akaitikia kwa kichwa, akatazama nje mpaka tunafika.

Vile vipande viwili vya inchi tatu sikuvitupa. Viko mezani kwangu, juu ya mswada, vinazuia karatasi zisipeperuke. Sura ya mwisho nimeifuta. Naiandika upya, na ni ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa si kaka anayeshuka kwenye basi. Ni mzee na kijana ndani ya pikapu ndogo, wanavuka matuta matano, Jumanne na Ijumaa.